Farasi wa Wamannea na Sikio la Nyuma

“Tukishamtazama huyu, nani atasikiliza nyuma?”

Swali hilo liliulizwa katika baraza la wazee wa Wamannea, mchana kweupe, na mwanamke aliyesimama karibu na mlango, mavi ya farasi yakiwa bado kwenye viatu vyake. Hakuna aliyelijibu. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akaiweka sawa pini ya shaba yenye kichwa cha simba iliyoshikilia joho lake begani. Wa tatu akaomba aongezewe bia ya shayiri. Swali likabaki pale pale lilipotua, tangu majira ya kuchipua hadi theluji ya kwanza. Na lilipojibiwa, wenzangu, aliyejibu hakuwa mtu.

Zamani hizo farasi hakuwa na masikio kama haya mnayoyaona leo. Yalikuwa magumu kama pembe za mbuzi, yamesimama wima, yameelekea mbele, basi. Farasi alisikia kilichokuwa mbele yake tu. Nyuma yake palikuwa kimya kitupu, na katika kimya hicho chochote kingeweza kutokea. Ndiyo maana farasi wa kale alimpiga teke kila aliyepita nyuma yake, awe adui, awe mtu aliyemlisha asubuhi ile ile. Watu walisema ni ukorofi. Haukuwa ukorofi hata kidogo. Ilikuwa hofu.

Wamannea waliishi kusini mwa ziwa kubwa la chumvi, lile ambalo ramani za leo zinaliita Urmia. Kaskazini yao walikaa Waurartu, mafundi wa ngome za mawe na mifereji ya maji. Kusini-magharibi walikaa Waashuru, walioandika kila kitu kwenye udongo mbichi, hata majina ya miji waliyoichoma, na waliyaandika kwa fahari. Wamannea walikuwa katikati. Na hapa ndipo damu inaponichemka, kwa sababu kila anayesimulia habari za enzi zile huwataja watu hawa kwa pumzi moja akiwa njiani kuelekea kwingine, kana kwamba nchi yao ilikuwa kizingiti cha nyumba ya mtu mwingine. Nakataa. Watu wa kizingiti hawapambi kuta zao kwa matofali ya samawati na manjano yanayong'aa kama yametoka mtoni sasa hivi, yamechorwa mbuzi wenye mabawa na simba wenye nyuso za watu. Watu wa kizingiti hawaketi barazani pamoja na mfalme wao wakambishia usoni. Na watu wa kizingiti hawabembelezwi na wafalme wawili kwa ajili ya farasi.

Maana farasi ndiyo ilikuwa elimu yao. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka walipanda milimani kuwatafuta watoto wa farasi waliozaliwa huko, wakawashusha mabondeni na kuwalea. Hawakuwatandika upesi kama walivyofanya wengine. Kwanza farasi alifundishwa mambo matatu, kwa miguu yake mwenyewe na bila mtu mgongoni: kutoka, kugeuka, na kurudi. Aliyejua kutoka tu hakuhesabiwa kuwa farasi. Aliyejua kutoka na kugeuka alihesabiwa nusu. Mpaka ajue kurudi ndipo tandiko lilipotolewa. Jirani zao walikuwa na mijeledi mirefu na farasi wanaotetemeka. Wamannea walikuwa na subira, na farasi wanaorudi.

Yule mwanamke wa mlangoni aliitwa Telusha. Baba yake alikuwa mfunzaji mkubwa kuliko wote katika bonde lao, na alikufa kwa teke. Alipita nyuma ya farasi aliyemlea tangu hajaacha kunyonya, amebeba chumvi ya ziwa viganjani amlambishe. Alipita kimya, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa na moyo ulikuwa umetulia. Farasi hakumsikia. Telusha aliikuta ile chumvi imemwagika kwenye matope, na yule farasi amesimama pembeni akitetemeka, bila kuelewa amefanya nini. Watu wakamwambia amchinje. Akakataa. “Hakumuua baba,” alisema. “Aliua kitu asichokijua.”

Tangu hapo alianza kutazama mambo kwa jicho jingine, na alipolitazama baraza aliona masikio ya farasi.

Ukumbi wa baraza katika mji wa Izirtu ulikuwa na milango miwili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini. Mgeni alizungumza akiwa amesimama kwenye mlango alioingilia. Na kwa Wamannea lilikuwa jambo lisilo na mjadala: mgeni anapozungumza, wazee wote humgeukia uso. Kumwonyesha kisogo mgeni anayesema lilikuwa tusi kubwa kuliko kummwagia maji machafu, na mjumbe wa mfalme akitukanwa, mfalme wake huja na moto. Desturi nzuri, ya watu wenye adabu. Lakini hebu nanyi fikirini ilileta nini.

Mwaka mmoja alikuja mjumbe wa Urartu kwa mlango wa kaskazini. Wazee wote kumi na wawili wakamgeukia, wakamsikiliza siku tatu, wakamtii. Walipokuwa wakimsikiliza, Waashuru walipanda kimya kwa bonde la kusini wakachoma mazizi. Wazee wakajifunza. Mwaka uliofuata wakaazimia kumgeukia Mwashuru, na kwa kweli walimgeukia, mpaka shingo zikauma. Waurartu wakashuka kutoka kaskazini, wakachukua farasi na wafunzaji wao. Wazee wakajifunza tena. Mwaka wa tatu, baada ya kukaa na kushauriana sana, wakaamua nini? Wakaamua kurudi kuitazama kaskazini. Hapo ndipo Telusha alipouliza swali lake.

Mkuu wa baraza alikuwa Adarsi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Bia ilipokwisha kumiminwa, alimwambia kwa upole, “Mwanangu, nenda ukawaangalie farasi.”

“Ndio ninaowaangalia, baba mkubwa,” alisema Telusha. “Tangu asubuhi.”

Alitoka. Kikohozi kingine kikasikika nyuma yake.

Majira yale ya joto alipanda malishoni pamoja na shangazi yake, Shunti, mwanamke mwenye goti bovu na ulimi mzima. Walimchukua mtoto wa farasi jike, wa rangi ya kijivu, wakamwita Vumbi. Shunti alisimama mbele ameshika shayiri. Telusha alisimama nyuma, mbali na miguu, akimwita kwa jina.

“Vumbi.”

Masikio hayakutikisika.

“Vumbi.”

“Unazungumza na mkia, mwanangu,” alisema Shunti. “Ukijibiwa, uniambie umesema nini.”

“Shangazi, cheka tu. Shika shayiri.”

“Nimeshika. Ningekuwa nakula mimi, ningeshanenepa.”

Siku kumi zilikwisha hivyo, halafu ishirini. Telusha akakumbuka chumvi ya baba yake. Farasi wa milimani wana uchu wa chumvi kuliko shayiri, na ziwa lao lilikuwa limejaa chumvi hadi ukingoni. Basi akabadili namna ya kufanya kazi. Alimwita Vumbi kutoka nyuma, halafu akaupitisha mkono polepole juu ya mgongo hadi mdomoni, kiganja kikiwa na chumvi. Sauti ya nyuma, kisha chumvi. Sauti ya nyuma, kisha chumvi. Na kila jioni kabla jua halijazama alikaa chini na kuyakanda mashina ya masikio yale kwa mafuta ya kondoo na tope jeusi la ziwani, kama mtu anayekanda goti la bibi yake. Shunti alisema hajapata kumwona mtu akipika masikio kwa muda mrefu hivyo. Lakini naye alianza kuleta mafuta bila kuombwa.

Vumbi sasa aliijua ladha ya kile kilichokuwa nyuma, ila hakujua kinakuja lini. Alikitamani. Alikaza shingo, alikaza uso, ngozi ya kipaji cha uso ikamtetemeka kwa kutaka kusikia. Na siku moja, nyasi zilipokuwa zimeanza kugeuka rangi, Telusha aliita mara moja tu, na sikio la kushoto likazunguka. Lilizunguka taratibu, kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiye na uhakika kama ameruhusiwa kuingia. La kulia lilibaki mbele, kwa Shunti na shayiri yake.

Shunti hakufanya mzaha. Alisema tu, “Ameniacha nusu,” akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

Sasa sikilizeni jinsi hatari ilivyoingia. Vuli ile wachungaji walileta habari mbili kwa siku moja. Mjumbe wa Urartu alikuwa njiani kuja kutaka farasi wote waliofunzwa, wote bila kubakiza, bwana wake awapande kwenda kuipiga Ashuru kwa siri. Na mjumbe wa Ashuru alikuwa njiani kuja kuwataka farasi hao hao, bwana wake awapande kwenda kuipiga Urartu kwa siri. Atakayenyimwa angeuchoma mji wa Izirtu. Atakayepewa angewafanya Wamannea kuwa adui wa mwenziwe, na mwenziwe angeuchoma. Wajumbe wote wawili walikuwa wanakimbilia kufika kabla theluji haijafunga njia za milimani, na kwa hesabu ya wachungaji wangefika mchana ule ule, kila mmoja kwa mlango wake.

Barazani palikuwa kama kichuguu kilichochokorwa.

“Tumwonyeshe nani kisogo?”

“Tujifanye wagonjwa.”

“Wote kumi na wawili? Wa ugonjwa gani?”

“Basi nusu yetu tumtazame huyu, nusu tumtazame yule.”

“Vizuri sana. Kila mmoja atapata visogo sita vya kwenda kumweleza bwana wake.”

Vumbi akaingia ukumbini. Kwato zake zililia juu ya sakafu, na Telusha alikuwa pembeni yake akimshika shingo.

“Telusha!” Adarsi alisimama. “Unaleta mnyama mbele ya baraza?”

“Baba mkubwa, niliuliza swali hapa, na hakuna mtu aliyelijibu. Nimekuja na anayelijua jibu. Mpeni muda mfupi tu.”

Alimsimamisha Vumbi katikati ya ukumbi, ubavu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Shunti alikwenda mlango mmoja akichechemea, Telusha akaenda mlango mwingine. Shunti aliita. Sikio moja likageuka kwake. Telusha aliita. Sikio la pili likageuka kwake. Vumbi alisimama hivyo, kichwa kimetulia, sikio hili huku na lile kule, hajamdharau yeyote. Mzee mmoja aliinyanyua mikono yake akajishika masikio, nadhani kuhakikisha kwamba na yeye anayo mawili.

“Tusimtazame yeyote,” alisema Telusha. “Tukae ubavu. Kisogo hakitaonekana na mtu. Kila mgeni tutampa sikio, na kila mgeni atamsikia mwenzake.”

Na hapa nawasifu wazee wale, kwa kuwa kukosea mara tatu ni rahisi, lakini kuvunja desturi ya mababu kwa neno la mwanamke mwenye mavi ya farasi kwenye viatu, mbele ya watu, si jambo dogo. Adarsi aliitazama milango miwili. Akaupinda mgongo wake mzee, akashika ncha moja ya benchi. “Haya, shikeni upande wa pili,” alisema. “Au mnasubiri lifundishwe kugeuka lenyewe?” Mabenchi yakageuzwa, yakaelekea ukuta wa mashariki, wenye matofali ya samawati.

Wajumbe walipowasili, Vumbi alikuwa bado amesimama katikati ya ukumbi. Mwurartu aliingia kwanza, mkanda wake wa shaba ukimetameta. Alivuta pumzi ya kusema, akaona mashavu kumi na mawili badala ya nyuso.

“Mnanitazama au hamnitazami?”

“Tunakusikia, mgeni wetu,” alisema Adarsi, macho yake kwenye mbuzi mwenye mabawa. “Sema. Hakuna neno lako litakalotupita.”

Mjumbe alifungua kinywa. Kwenye mlango wa kusini akatokea Mwashuru, ndevu zimesukwa kwa mafuta, na mwandishi wake nyuma, amebeba kibao cha udongo mbichi tayari kwa kuandika. Wajumbe wakatazamana, ng'ambo hadi ng'ambo. Wewe ungesema nini? Ungemtajia adui yako, mbele ya macho yake, kwamba umekuja kuchukua farasi wa kumvamia kwa siri?

“Bwana wangu,” alisema Mwurartu, “anawasalimu. Anauliza malisho yakoje.”

“Na bwana wangu,” alisema Mwashuru, “naye pia. Anauliza hayo hayo. Malisho.”

“Malisho ni mazuri,” alisema Adarsi. “Yanapenda utulivu.”

Mwandishi alikwenda kwenye kona ya mbali ya ukumbi apate kuwasikia wote wawili, akasubiri. Udongo ukakauka mikononi mwake bila alama hata moja. Mazungumzo yalihusu mvua, kikohozi cha watoto, na bei ya sufu. Mwishowe baraza lilimpa kila mjumbe zawadi inayolingana na ya mwenzake, jozi ya watoto wa farasi wasiofunzwa bado, ili asirudi mikono mitupu. Nje chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza kushuka.

Lakini yule Mwashuru alikuwa amekasirika. Mtu aliyesafiri siku nyingi kuja kutisha, akaishia kuzungumzia sufu, hatoki vizuri. Hakumaliza hata kuaga. Aligeuka, akakata njia ya mkato katikati ya ukumbi kumwendea mwandishi wake, na njia hiyo ilipita moja kwa moja nyuma ya Vumbi. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi laini. Havikutoa sauti ambayo mtu angeisikia.

Telusha alikuwa mbali. Angepiga kelele, mjumbe angeshtuka na kujiona ametukanwa. Asingepiga, na mjumbe akapigwa teke, basi yote yamekwisha: baraza, mji, bonde, farasi. Aliiona mikono ya baba yake imejaa chumvi. Aliona matope. Wazee wote kumi na wawili walijua farasi hufanya nini.

Sikio la Vumbi likageuka. Lilimfuata mtu yule hatua kwa hatua, kutoka bega la kushoto hadi la kulia, kama unavyomfuata kwa macho mgeni anayepita uani kwako. Mguu wa nyuma haukuinuka. Mjumbe alipita, akatoka, akapanda farasi wake akaondoka. Wala hakujua katika maisha yake yote kwamba ameachiwa apite.

Telusha alimwendea Vumbi. Alipofika alifungua kiganja, na humo mlikuwa na chumvi.

Mji wa Izirtu haukuchomwa mwaka ule. Nisiwadanganye kwamba haukuchomwa kamwe. Jirani walikuwa wengi, na baada ya Waurartu na Waashuru walikuja Wamedi, na mwisho jina la Wamannea likazama ndani ya majina ya wengine. Tunachosoma juu yao leo kimeandikwa kwa sehemu kubwa na mikono ile ile iliyowasha moto. Hilo linaniudhi, na litaendelea kuniudhi. Lakini watoto wa Vumbi walizaliwa na masikio yanayogeuka, na watoto wao vivyo hivyo. Wengine walikwenda kaskazini kama zawadi, wengine kusini, wengine walitoroka kurudi milimani, mpaka farasi wote duniani wakawa na masikio ya Kimannea. Wafalme waliowapanda hawakujua wamekalia elimu ya nani.

Na tangu siku hiyo farasi husimama sikio moja mbele na moja nyuma, akikusikiliza wewe na akimsikiliza yule usiyemwona. Akiyalaza yote mawili nyuma, jua amekasirika, maana amesikia kitu kibaya huko. Na ile hofu ya kale haijamtoka yote. Bado imo miguuni, na huamka pale mtu anapomjia kimya.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukipita nyuma ya farasi, hata kama mikono yako imejaa na moyo umetulia, tamka neno kwanza.